Kadi Tatu za Madibira

Jumapili, tarehe nane Juni, Ilomba, Mbeya. Asubuhi baridi ilikuwa ya kuuma masikio, na majani ya viazi kwa jirani yalikuwa meupe kwa umande ulioganda. Mchana jua limewaka bila joto. Upepo wa mlima Loleza umeangusha nguo mbili kwenye kamba, shati la baba yako na khanga yangu. Mvua hakuna.

Mwanangu Upendo, nimeketi barazani na daftari langu wakati wewe na baba yako mmekwenda kumuaga shangazi yako. Kesho alfajiri unapanda basi kwenda Iringa, kuwafundisha watu wa kampuni kubwa namna mpya ya kufanya kazi. Jana nilikuwa na neno la kukwambia nikalimeza. Leo nimeona niliandike ulisome njiani, maana kwa mdomo huwa naanza vizuri halafu napotea. Shule yangu unaijua ilipoishia. Ukikuta kosa la kuandika, lipite.

Jana ulibandika karatasi za rangi kwenye ukuta wa sebule, ukatukalisha mimi na baba yako kwenye kochi kama wanafunzi, ukatufanyia mazoezi ya kesho. Ulieleza vizuri. Katika maisha yangu nimewasikia wengine wakieleza mambo hayo hayo, na nisiseme uongo kwa kuwa u mwanangu, wapo waliokuzidi, lakini wewe huringi, na hilo ni nusu ya kazi. Kisha ukachukua kadi ya njano, ukaandika "Salamu ndefu", ukaibandika chini ya neno "Kuondoa". Ukasema, "Mama, wale wazee wa Iringa wakianza kamwene zao, robo saa inaisha hatujagusa kazi." Baba yako akacheka. Mimi nikasema nakwenda kuangalia jiko.

Jikoni hakukuwa na kitu. Nilisimama tu nikashika ukingo wa meza, kwa sababu hiyo kadi ya njano niliwahi kuibandika mimi. Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo najisikia joto usoni, na hiyo ndiyo nataka kukusimulia.

Wewe ulikuwa hujaanza kutembea. Nilikuwa nakuacha kwa bibi yako Kihesa, pale pale Iringa, napanda kilima kwenda ofisini, kwenye kampuni ya simu ambayo jina lake nitaliacha. Ndiyo miaka ile simu za mkononi zilikuwa zinaingia, watu wanapanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao. Kazi yangu ilikuwa kupokea taarifa za hitilafu. Mnara ukizimika, mtu anapiga, mimi naandika kwenye kitabu, naita fundi. Mafundi walikuwa saba. Mkuu wao alikuwa Baba Sekela, Mnyakyusa wa upande wa Tukuyu, mtu mzima tayari, aliyeanza kazi enzi za nguzo na waya. Mdogo wao alikuwa Festo, kijana wa Kibena, mwepesi kama swala na mdomo wake mwepesi zaidi.

Kila asubuhi tulikuwa tunakutana stoo. Tunakaa juu ya masanduku ya vipuri, chupa ya chai inazunguka, na salamu nazo zinazunguka. Baba Sekela anaanza: "Ugonile." Mwingine anamjibu kwa Kihehe, mwingine kwa Kiswahili. Umeamkaje. Watoto je. Yule mlinzi wa mnara wa kule bondeni, mguu umepona? Barabara ya Pawaga inapitika? Inakwenda hivyo mpaka chai inaisha. Mimi nilikuwa nakaa mlangoni na kitabu changu, naona jua linapanda, nasema moyoni, hawa wanalipwa kwa kuamkiana.

Siku moja makao makuu wakamleta kocha. Meneja alipotangaza kwamba Jumatatu anakuja kocha, Festo alikuja siku hiyo na viatu vya kuchezea mpira. Akaingia mtu mwembamba, mpole, anaitwa Joel, amebeba ubao mweupe mgongoni kama mtu aliyebeba mlango. Akatufundisha kwa wiki mbili. Ubao una safu tatu: Kazi ya Kufanya, Inafanyika, Imekwisha. Kila hitilafu ni kadi moja, na kadi ina jina la fundi. Kila asubuhi watu wanasimama duara kwa robo saa, na kila mmoja anasema mambo matatu: jana nilifanya nini, leo nitafanya nini, kitu gani kinanizuia.

Nataka nimtendee haki Joel. Ubao ule ulikuwa kitu kizuri. Kabla yake hitilafu ilikuwa inaweza kulala ndani ya kitabu changu mpaka ikasahaulika, na kosa linakuwa langu. Baada yake kila mtu aliiona. Minara ya mjini ilianza kuwashwa siku hiyo hiyo. Nakwambia hivi ili usije ukadhani mama yako anaichukia kazi yako.

Joel akauliza nani ana mwandiko mzuri. Wote wakanitazama mimi. Basi nikawa mtunza ubao. Alipoondoka aliniachia kalamu nne za rangi na saa ya mezani yenye kengele, akaniambia, "Mama Upendo, robo saa tu, isizidi." Na kila Ijumaa nipeleke makao makuu ripoti ya kadi, kila fundi na kadi alizomaliza.

Sasa lipo jambo ambalo nimelifikiria miaka yote hii ili nisimsingizie mtu. Joel hakusema tuondoe salamu. Alisema robo saa. Salamu niliziondoa mimi. Jumatatu ya kwanza nikiwa peke yangu, Baba Sekela aliingia akasema, "Ugonile, mama," nami nikamwambia, "Mzee, salamu tutasalimiana jioni, saa inakwenda." Nikaitega kengele ile. Chupa ya chai nikaihamishia ofisini kwangu. Baba Sekela alinitazama kidogo, akasema, "Haya," akasimama kwenye duara.

Nilikuwa nimesoma mpaka kidato cha pili tu, mwanangu, na wale wanaume walikuwa na vyeti. Kuwaona wamesimama kimya wakinisubiri mimi niseme "tuanze", nilijisikia mtu. Sitaki kukuficha hilo. Walinipa jina, Kengele. Festo akiniona koridoni anasema, "Jamani, Kengele huyo, kila mtu ataje dhambi zake tatu." Nilicheka nao, na ndani nilifurahi.

Kilichonifurahisha zaidi ni swali la vikwazo. Asubuhi baada ya asubuhi, nikiuliza kinachowazuia, jibu lilikuwa moja. Baba Sekela: "Hakuna." Festo: "Hakuna, Kengele." Watu saba, hakuna, hakuna, hakuna. Tunamaliza kabla ya robo saa. Niliandika kwenye ripoti kwamba kikosi cha Iringa hakina vikwazo, na makao makuu wakatupongeza.

Kadi za Festo zilikuwa nyingi kuliko za wote. Za Baba Sekela zilikuwa chache, siku nyingine kadi moja tu siku nzima. Anakwenda na vijana kwenye minara yao, anarudi jioni na mafuta mikononi, na kadi inakwenda kwa jina la kijana. Nilimwambia mara moja, "Mzee, kadi zako hazisogei." Akajibu, "Zitasogea." Nikaandika nilichokiona. Nilidhani huko ndiko kutenda haki, kuandika tu nilichokiona.

Mwezi wa tano ukaingia, Ijumaa moja Meneja akaniita. Akafunga mlango. Akasema makao makuu wanapunguza mafundi wawili Iringa, na wataangalia ripoti zangu za Ijumaa kuona nani anaendana na utaratibu mpya. "Zijumlishe zote kwenye karatasi moja, weka sahihi, Jumatatu iende." Nilijumlisha. Jina la juu kabisa lilikuwa la Festo. La chini kabisa lilikuwa la Baba Sekela. Nilikaa na kalamu, nikaangalia tena hesabu, ziko sawa. Nikaweka sahihi. Jumatatu ikapelekwa.

Jumanne asubuhi mnara wa Madibira ukazimika. Ulikuwa umezimika pia wiki mbili nyuma, na kabla ya hapo, na kabla ya hapo. Mara tatu. Kila mara Festo alikwenda, akarudi, kadi ikahamia Imekwisha. Mwezi wa tano Madibira ni mavuno ya mpunga. Wanunuzi wako barabarani na malori, wakulima wako mashambani, na simu ndiyo inayowakutanisha. Mkulima asiyepatikana, lori linampita linakwenda kwa mwingine, mpunga wake unabaki uwanjani. Simu za malalamiko ziliniunguza sikio. Meneja akasema safari hii aende Baba Sekela mwenyewe na Festo, na mimi niende nao nikaone kwa nini kadi moja inarudi.

Tukapanda pikapu, Baba Sekela anaendesha, mimi katikati, Festo dirishani. Tukapita Mafinga na ukungu wake wa misitu ya mipaini, kisha tukaanza kushuka na vumbi na joto. Ndani ya gari lile, mwanangu, hawakunyamaza. Watu wale wale waliokuwa wananiambia hakuna.

Festo alisema kule tunakokwenda, jenereta linazimika kama mtu anayekohoa, linakata, linashika, linakata. Baba Sekela akauliza, "Ulifungua filta ukaona nini?" Festo akasema aliona uchafu mwepesi, akaibadilisha, jenereta likawaka. "Mara zote tatu?" "Mara zote tatu, mzee." Akauliza kuhusu mlinzi. Festo akasema, "Ni mzee fulani, Mzee Hamisi. Sikukaa naye. Kadi nyingine ilikuwa inanisubiri, na Kengele unamjua." Akanigusa na kiwiko. Sikucheka.

Nilikuwa nimebanwa kati ya hao wawili, na karatasi yenye sahihi yangu ilikuwa tayari njiani kwenda Dar. Baba Sekela alinipa chungwa, akasema, "Kula, mama, mteremko huu unachefua." Nililimenya, sikuweza kulila.

Tulipofika, Mzee Hamisi alikuwa kibandani kwake chini ya mnara. Mimi niliteremka na kadi mkononi. Festo akachukua sanduku la vifaa akaelekea kwenye jenereta. Baba Sekela akamwita, "Subiri." Akamwendea mzee yule, wakashikana mikono, wakaketi juu ya kigogo, wakaanza. Za siku nyingi. Mavuno je. Kifua je. Wajukuu je. Nyumbani wote wazima? Nilitazama saa. Ikapita robo saa. Nikasogea nikasema, kwa adabu kama nilivyoweza, "Baba Sekela, wakulima wanasubiri mtandao." Alikuwa anamsikiliza mwenzake.

Mzee Hamisi alikuwa anasema, "Nyumbani wazima, alhamdulillahi, ila mama watoto amenuna tangu mwezi uliopita. Anadai pipa lake la maji."

"Pipa limekwenda wapi?" Baba Sekela akauliza, taratibu, kama mtu anayeuliza habari za kuku.

"Si nimelileta huku. Walivyoleta dizeli nyingi tangi likajaa, nikaona isimwagike, nikaazima pipa lake. Niliyamwaga maji yake vizuri kabisa. Tangi likipungua najazia kutoka humo."

"Ulilianika?"

Mzee Hamisi akasema, "Halikukauka sana."

Festo aliweka sanduku chini. Baba Sekela akampigapiga Mzee Hamisi gotini, akasema, "Uliokoa dizeli, mzee wangu. Maji kidogo tutayatoa." Wakaenda wote watatu. Wakafungua chini ya tangi, yakatoka maji kwanza, kisha dizeli. Pipa wakalimwaga, wakalisafisha, wakamrudishia mzee ampelekee mkewe. Festo akabadilisha filta mara ya nne, na Baba Sekela alimwacha aifanye yeye mwenyewe, akimwonyesha kwa kidole tu. Jenereta likawaka. Safari hii halikukohoa.

Hebu fikiri. Mlinzi yule angeulizwa akiwa amesimama mbele ya watu, nani ameharibu dizeli ya kampuni, angesema hajui. Wewe ungesema? Mimi nisingesema.

Nikatoa kalamu niandike kwenye kadi. Baba Sekela alikuwa anafuta mikono kwa tambara. Akaniuliza, "Unaandika nini, Mama Upendo?"

"Madibira, imekwisha."

"Na zile tatu za Festo ziliandikwaje?"

"Imekwisha."

"Mnara mmoja umekwisha mara nne," akasema. "Mnara una bahati huu."

Festo alicheka mpaka akakaa chini. Mimi machozi yalikuwa karibu. Baba Sekela aliliona hilo, akamtuma Festo akapakie vifaa. Akaniambia, na haya maneno nayaandika kama alivyoyasema, nimeyarudia kichwani mara nyingi mno kuyasahau:

"Binti yangu, sikulaumu. Ubao wako ni mzuri. Lakini unatusimamisha duara, watu wazima, kijana wangu yuko kulia kwangu, unaniuliza nini kinanizuia. Juzi kilichonizuia ni kwamba Festo alikaza boliti vibaya. Niseme mbele yake, mbele ya watu saba, aende nyumbani na aibu? Nikasema hakuna. Festo naye anajua mimi ile ripoti ya kwenye kompyuta siiwezi, ananiandikia yeye mchana. Aseme? Akasema hakuna. Kwenye chai tulikuwa tunasemezana haya kwa pembeni pembeni, mtu anasikia, anarekebisha, hakuna aliyetajwa. Wewe umeiondoa chai ukabakiza swali."

Nilisema tu, "Nisamehe, baba." Akasema, "Nikusamehe nini, twende, jua linachwea."

Lakini alikuwa hajui la kusamehe. Tuliposimama Mafinga kunywa chai, Festo alipokwenda kununua mkate, nilimwambia. Nilimwambia yote, mafundi wawili, karatasi, jina lake chini, sahihi yangu. Alikuwa anakoroga chai. Akaendelea kukoroga muda mrefu, sukari ilikuwa imeshayeyuka. Alikuwa na watoto wanne shuleni, Sekela akiwa chuoni. Akaniuliza swali moja.

"Uliandika uongo?"

"Hapana, baba. Hesabu ziko sawa."

"Basi kaandike na kweli iliyobaki."

Jumatano nilikaa nikaandika barua kwa mkono, kurasa tatu, kwa Joel na kwa makao makuu. Niliandika kwamba kadi tatu za Madibira zilikuwa hitilafu moja. Niliandika kwamba kadi nyingi za vijana zilimalizwa na mikono ya Baba Sekela na mimi nilijua, sikuona mahali pa kuandika, kwa hiyo sikuandika. Niliandika kwamba Festo hakudanganya, kila alipoondoka jenereta lilikuwa linanguruma, na aliyemharakisha ni mimi. Niliandika kwamba salamu niliziondoa mimi, si kocha. Meneja aliisoma akasema, "Unajichomea nyumba mwenyewe." Nikamwambia naomba iende hivyo hivyo. Aliipeleka, na kwa hilo namshukuru, angeweza kuitia kapuni.

Baada ya majuma mawili Joel alikuja. Hakuleta ubao. Aliingia stoo akakaa juu ya sanduku, akaomba chai. Akasema mbele ya wote, "Mimi ndiye niliyetaka kadi zihesabiwe kwa majina. Nilitaka tujifunze. Sikufikiri zitatumika kumchagua wa kuondoka. Nilipaswa kufikiri." Tangu siku hiyo majina yaliondoka kwenye kadi. Chai ikarudi kwanza, kuketi, kisha ndiyo tukawa tunasimama mbele ya ubao. Kengele niliipeleka nyumbani. Ndiyo ile uliyokuwa unaamkia kwenda shule.

Baba Sekela alibaki kazini. Ningependa niishie hapo, hadithi ingekuwa nzuri. Lakini watu wawili waliondolewa kama ilivyopangwa, na mmoja wao alikuwa Festo. Barua yake ilisema ni kwa sababu alikuwa wa mwisho kuajiriwa. Inawezekana. Inawezekana pia kwamba nilipoziondoa zile kadi tatu, jina lake likashuka. Sijawahi kujua. Nilimwuliza Joel, akasema hata yeye hajui, na namwamini. Festo mwenyewe aliniambia, "Acha, Kengele, nilikuwa nimechoka na vumbi." Hilo sijui kama nililiamini. Baadaye alihamia huku Mbeya akafungua kibanda cha kutengeneza simu pale Mwanjelwa. Fundi aliyekubadilishia kioo mwaka jana, yule aliyekataa kukutajia bei mpaka umalize kumweleza habari za mama yako, ndiye Festo. Sikukwambia siku ile. Nimekuwa mwoga kwenye mambo haya.

Sasa, mwanangu, nikupe neno lenyewe. Sijui kompyuta zako na sijui hiyo kampuni ina watu wangapi. Huenda mambo yamebadilika na mimi nazungumza ya zamani. Yachukue yanayokufaa.

Usianze na ubao. Ukifika, waombe wakupeleke wanakofanyia kazi, ukae nao kwenye gari au kwenye meza zao, usikilize wanayosemezana wakati hujauliza kitu. Salamu za watu wa huku usizione kama mlango unaochelewesha kuingia ndani. Mle mle ndimo mtu anapokwambia pipa la mkewe limehama. Ukizikata, kazi haitakwenda haraka zaidi, utakuwa tu umefunga masikio. Wasalimu wakubwa kama nilivyokufundisha, na kama robo saa haitoshi, weka nusu saa.

Ukisikia "hakuna kikwazo" kila siku, usifurahi. Niliyefurahi ni mimi. Mtu wa kwetu hamtaji mwenzake mbele ya watu, na wala si kwamba ni mwongo, amelelewa hivyo. Mfuate akiwa peke yake, ketini, muulize polepole, na ukishaambiwa usiende kulibandika ukutani na jina lake.

Na hesabu zako uzilinde. Uliza kabla hujaanza, tena uliza kwa maandishi, hizi namba zitasomwa na nani na atazifanyia nini. Wakikwambia ni za kujifunza, waweke hilo kwenye karatasi. Wakikataa, basi usiandike majina ya watu. Namba inaweza kuwa sawa kabisa na bado ikamwonea mtu. Nimeliona hilo kwa sahihi yangu mwenyewe. Ukikosea, maana utakosea, usisubiri kujua kama kusema kutasaidia. Sema mapema, sema lako wewe, na ukubali kwamba huenda kusema kwako nako kukamgusa mtu ambaye hukumkusudia. Hapo sina dawa ya kukupa. Ningekuwa nayo ningeinywa mimi kwanza.

Mungu akutangulie njia yote, kutoka kwetu hapa mpaka juu ya kile kilima. Akupe wazee wa kukukaripia wakiwa wanakupa chungwa. Akupe na sikio la kuwasikia kabla, si baada, kama mimi. Nakubariki kwa mikono yote miwili, na bibi yako aliyekulea Kihesa angekubariki zaidi, maana yeye alikuwa hana haraka kabisa.

Kadi yako ya njano bado iko ukutani. Nimefuta vumbi kuizunguka, sikuigusa. Uamuzi ni wako.

Nimeongeza mistari hii baada ya chakula. Tumekula wali, maharage na parachichi. Mchele ni ule wa Baba Sekela. Alipostaafu alikwenda kulima Madibira, na kila mavuno anatutumia debe moja kwa basi, halafu anapiga simu kuuliza kama mchele umefika, na kuulizana huko kunamaliza nusu ya jioni. Leo alipiga tukiwa mezani. Ulipokea wewe. Ukamwamkia, akakuuliza habari za Dar unakoishi, za kazi, za kifua cha baba yako, za viazi vya jirani, ukajibu moja moja, ukamwuliza na za kwake. Wali ulikuwa unapoa na hakuna aliyetazama saa. Mwisho ukamwuliza, "Na Mzee Hamisi hajambo?" Sikujua kwamba hilo jina unalifahamu. Nikatazama kwenye kochi nilikoliacha daftari langu nilipokwenda kupika, nikaona limehamia upande uliokuwa umekaa wewe.